Nafaka ya Mja-Mzito na Hesabu ya Miezi Tisa

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Ndugu zangu Waislamu, mabwana na mabibi, na ninyi vijana wetu mlio karibu na kuingia katika nyumba zenu wenyewe. Mwezi huu nataka kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu huliona kuwa ni la wanawake na wakunga, kumbe ni la mwanamume kabla ya kuwa la mtu mwingine ye yote. Nalo ni fedha za uzazi. Wala sitaanza kwa kuwalaumu vijana. Nitaanza kwa kujilaumu mimi mwenyewe, maana kosa nitakalolieleza hapa ni langu.

Katika mwezi wa Ramadhani wa mwaka 2025, baada ya tarawehe, alinijia barazani mwa msikiti kijana mmoja niliyemsomesha juzuu ya Amma alipokuwa mtoto wa miaka saba. Sasa ni mwenye nyumba, na kazi yake ni kuchukua abiria kwa pikipiki hapa Mombasa. Akaniambia kwa haya, naye ameinamisha uso, “Maalim, mke wangu ana mimba ya miezi mitano. Nasikia mambo ya hospitali yamebadilika. Waonaje, nianze kuweka kitu?”

Nikacheka kidogo, nikamwambia, “Mwanangu, usijitie wasiwasi. Uzazi katika hospitali za serikali ni bure. Binti yangu alijifungua mwaka 2019, nasi hatukutoa hata thumuni. Wewe mwombe Mungu amjaalie mkeo salama.” Akaridhika, kwani ni nani atakayemshuku mwalimu wake? Akaenda zake, wala hakuweka kitu.

Mwezi wa Julai, usiku, kabla ya adhana ya alfajiri, nikasikia mlango wabishwa. Alikuwa ni yeye. Mkewe alishikwa na uchungu tangu alasiri, na daktari amesema lazima apasuliwe. Alipofika hospitali aliulizwa kama amejisajili, na kama amelipa mchango wa mwaka. Naye hakuwa amefanya hili wala lile. Alikuwa amekwisha kukopa katika simu yake kwa wakopeshaji watatu usiku ule ule, na bado hazikutosha. Nikampa nilichokuwa nacho nyumbani, nacho kilikuwa kidogo.

Alhamdulillahi, mama na mtoto walisalimika. Lakini pikipiki ile alikuwa ameichukua kwa kulipa kila siku, na kwa muda wa wiki mbili za hospitali na za kumwuguza mkewe hakulipa. Ikachukuliwa na mwenyewe. Na wale wa simu nao wakawa wamngoja kila shilingi iingiapo. Basi mtoto akafika arubaini yake, babake hana kazi na ana madeni. Aliponijia kunieleza, hakunilaumu hata kwa neno moja. Nalitamani anilaumu.

Ndugu zangu, sikumwambia uwongo kwa kukusudia. Nilimwambia lililokuwa kweli mwaka 2019. Lakini ushauri wa jana ni kama chakula cha jana: huenda ukawa bado mzuri, na huenda ukamdhuru mlaji. Mimi nilimpa bila ya kuunusa.

Mambo Yaliyobadilika

Basi na tuyaeleze mambo yalivyokuwa na yalivyogeuka hapa Kenya, ili asije mwingine akaponzwa na mzee kama mimi.

Mwezi wa Juni mwaka 2013 serikali ilitangaza kwamba mama ajifunguaye katika hospitali za serikali hatatozwa kitu. Mwaka 2016 mpango ule ukatiwa mikononi mwa bima ya NHIF, ukaitwa Linda Mama. Mama alijiandikisha, na serikali ndiyo iliyolipa. Kwa zaidi ya miaka kumi watu wakazoea, na mazoea yakawa kama sheria ndani ya vichwa vyetu.

Kisha ikaja Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023, na tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ikaondoka, na mahali pake ikasimama Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo watu huiita SHA. Linda Mama nayo ikaingizwa katika mpango mpya ulioitwa Linda Jamii.

Tofauti kubwa ni hii. Matibabu ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya hulipwa na mfuko wa serikali, na atakiwalo mtu ni kujisajili tu. Lakini gharama ya kujifungua hulipwa na mfuko wa bima, na mfuko huo humlipia yule aliyetoa mchango wake. Aliyejisajili asilipe ni kama mtu aliyekata nia ya safari asikate tikiti.

Mchango wenyewe ni asilimia 2.75 ya pato. Aliyeajiriwa hukatwa katika mshahara wake kila mwezi. Asiyeajiriwa huulizwa maswali juu ya nyumba yake na mali yake, pato lake likakadiriwa, naye hatozwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Na sheria ilimtaka mtu huyu asiyeajiriwa alipe mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Zamani za NHIF mtu wa namna hii alilipa shilingi 500 kila mwezi. Basi tazameni: kwa maskini wengi fedha zenyewe si nyingi kuliko zile za zamani, ugumu uko katika kuzitoa zote siku moja. Mwaka 2025 ikatangazwa pia njia ya kulipa kidogo kidogo. Atakayeitaka na aulize kwanza kama ni akiba yake mwenyewe anayoiweka au ni mkopo, na kama ni mkopo, una riba au hauna.

Na faida yake ni ipi? Katika viwango vilivyotangazwa wakati wa mabadiliko hayo, mfuko huilipa hospitali shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida, na 30,000 kwa uzazi wa kupasuliwa. Pimeni wenyewe, mchango wa mwaka mzima na gharama ya usiku mmoja.

Nimeulizwa na baadhi ya wazee wa wanafunzi wangu kama mchango huu si bima ya haramu. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu iliyokutana Jidda mwaka 1985 ilipambanua baina ya bima ya biashara, ambayo iliikataza, na ile ya watu kuchangiana kwa kusaidiana, ambayo iliiruhusu. Huu wetu ni mchango uliolazimishwa na sheria, na hakuna mwenye hisa anayegawana faida yake. Aliye na shaka na amwulize sheikh wake, lakini na amwulize mapema, mimba ikiwa changa, wala asiifanye shaka yake kuwa udhuru usiku wa uchungu.

Wajibu wa Nafaka

Sasa na tuitazame dini yetu. Katika Suratu Ttalaq, aya ya 6, Mwenyezi Mungu ameamrisha kwamba wanawake waliopewa talaka, wakiwa wana mimba, wapewe matumizi mpaka wajifungue. Fikirini, ndugu zangu! Mwanamke aliyekwisha kuachwa, na huenda wameachana kwa maneno makali, bado mwanamume yampasa kumlisha kwa ajili ya kile kilichomo tumboni. Ikiwa huyo ana haki hiyo, je, huyu aliye ndani ya nyumba yako, akupikiaye futari hali miguu imemvimba, haki yake ni kiasi gani? Na wako vijana miongoni mwetu watoao talaka mke akiwa na mimba, kisha wakaondoka kama kwamba wametua mzigo. Mzigo haukutuliwa. Wameuacha njiani, na wataulizwa.

Katika aya inayofuata, ya 7, tumefunzwa kipimo: mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na aliyepimiwa riziki yake atoe katika alichopewa; wala Mungu hamkalifishi mtu ila kwa kadiri aliyompa. Na katika Suratul Baqara, aya ya 233, baba amejukumishwa chakula na nguo za mama anyonyeshaye, kwa mujibu wa ada njema. Basi sheria haikumtaka maskini awe tajiri. Imemtaka maskini asijifanye hana kitu.

Najua kwamba katika vitabu vya fiqhi vya zamani mna khitilafu juu ya ada ya tabibu, kama yaingia katika nafaka au haiingii. Lakini maulamaa wa zama zetu wameona kuwa matibabu ni katika mahitaji ya lazima, na Suratu Nnisaa, aya ya 19, imetuamrisha kukaa na wake zetu kwa wema. Ni wema gani huo wa mtu kumlisha mkewe wali kila siku, kisha akamwacha mlangoni pa hospitali?

Ama fedha za mke, ikiwa afanya kazi au auza maandazi, ni zake. Hazihesabiki katika nafaka ya mume. Lakini akipenda mwenyewe kumsaidia mumewe asiye na kitu, basi ana malipo mawili, ya ujamaa na ya sadaka, kama Mtume (s.a.w.) alivyomwambia Zaynab mke wa Ibn Masuud. Mume na ashukuru; asizipige hesabu fedha hizo kabla hajapewa.

“Kila Mtoto Huja na Riziki Yake”

Hili ndilo neno nilisikialo kila ninaposema juu ya kuweka akiba. Nalo ni neno la kweli. Mungu ametukataza, katika Suratul Israa aya ya 31, kuwaua watoto kwa khofu ya umaskini, akasema kwamba ndiye awaruzukuye wao na sisi. Lakini jiulizeni: riziki ya mtoto hupita njia gani? Hupita katika mkono wa babake. Mtoto wa kijana yule alikuja na riziki yake, nayo ilikuwa ni shilingi chache zilizopita katika mkono wa babake kila siku tangu mwezi wa pili wa mimba, na mkono haukuzizuia, kwa sababu mwalimu alisema hakuna haja.

Nabii Yusuf (a.s.) alijua, kwa kufunuliwa na Mola wake, kwamba baada ya miaka saba ya neema itakuja miaka saba ya njaa. Je, aliwaambia watu wa Misri wakae watawakali? Aliwaambia walime, na watakachovuna wakiache katika mashuke yake, ila kidogo watakachokula. Hiyo ndiyo tawakali ya Manabii. Na sisi, Mungu ametupa khabari miezi saba au minane kabla ya siku yenyewe. Hakuna deni jingine duniani litoalo notisi ndefu kama hii.

Hesabu Yenyewe

Sasa nitaeleza hesabu, nami nitatumia mfano wa mtu apataye shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kazi za mikono. Kila mtu na aubadilishe kwa pato lake.

Kwanza, mara tu mimba ijulikanapo, mke aende kliniki, wala asingoje tumbo lionekane. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba mja-mzito aonwe na wahudumu mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya kutimia wiki ya 12. Upungufu wa damu na shinikizo la damu vikigunduliwa mapema, gharama hupungua na roho huokoka. Na mume amfuate siku ile ya kwanza, aulize kwa mdomo wake: Ni nini kinacholipiwa hapa? Ni nini hakilipiwi? Mkewe akihitaji kupasuliwa, atapelekwa wapi? Viwango hivi hubadilika, kwa hiyo jibu la mwaka jana halitoshi, wala la jirani, wala hili langu.

Pili, wajisajili wote wawili na watoto wao, kwa kitambulisho, siku ile ile. Mchango mmoja humfunika mtu na mkewe na watoto wake, maadamu majina yao yameandikwa.

Tatu, waanze kuweka. Pato la 20,000, asilimia 2.75 yake ni shilingi 550 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 6,600. Ikiwa mimba imejulikana katika mwezi wa pili, zimebaki kama siku 210. Mtu akiweka shilingi 70 kila siku atapata 14,700. Zigawe hivi: 6,600 ni za mchango, nazo zitoke kwanza, kabla ya mwezi wa saba wa mimba, kwani watoto wengine huja kabla ya miadi yao. Shilingi 1,500 ni za gari la usiku, zifungwe mbali, zisiguswe hata kwa unga. Shilingi 2,600 ni za vitu vya mtoto na vya mzazi: khanga, nepi, sabuni, beseni, pamba. Zilizobaki, shilingi 4,000, ni chakula cha nyumba kwa siku ambazo baba hatakwenda kazini.

Hizi za mwisho msizidharau. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imempa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na mumewe aliyeajiriwa wiki mbili; nao na waitake kwa maandishi mapema, wasione haya, maana ni haki yao. Lakini mwenye pikipiki, na mvuvi, na fundi wa cherahani, hana likizo ya kupewa na mtu. Likizo yake ni ile aliyojiwekea mwenyewe. Kijana wangu yule hakushindwa na gharama za hospitali peke yake. Alishindwa na zile wiki mbili.

Najua kwamba shilingi 70 si kidogo kwa apataye kama 650 kwa siku, tena kodi ya nyumba na mafuta yamngoja. Simwambii mtu akatae kumpa mkewe maziwa na mboga na samaki ili ajaze kibubu. Huko ni kuibia mfuko wa kulia ili kutia wa kushoto. Lakini na aketi na nafsi yake ahesabu muguka, na sigara, na vocha za simu za usiku. Asiyeweza 70 aweke 40. Asiyeweza 40, basi na aweke zile zitakazotimiza mchango: shilingi 3,600 za mwaka ni shilingi 10 kwa siku, hazifiki hata.

Nne, fedha hizo zisikae katika simu ile ile ya kukopea, maana wakopeshaji huzivuta zikiingia. Ziwe katika kibubu, na kibubu kiwe kwa mke au kwa mama mzazi. Na kila usiku wa kuamkia Ijumaa waketi wote wawili na daftari, waandike zilizoingia na zilizotoka. Katika aya ndefu kuliko zote za Qurani Mungu ametuamrisha kuandika madeni. Mume na mke wakiandika pamoja, ugomvi hupungua nyumbani.

Tano, mtoto akisha kuzaliwa, mchukueni karatasi ya taarifa ya kuzaliwa hapo hapo hospitali, mkamwandikishe kabla ya kupita miezi sita. Mtoto asiyeandikwa huwapa tabu wazazi wake katika bima na katika skuli.

Na sita, mama anyonyeshe, bila ya kumchanganyia mtoto kitu kingine mpaka miezi sita. Maziwa ya kopo humaliza mshahara wa mtu, na haya mengine Mungu ameyatia kifuani bila ya bei. Lakini kumbukeni, bwana, yasiyo na bei kwa mtoto yana bei kwako: ni chakula cha mama yake.

Karamu na Riba

Liko tundu moja livujishalo fedha za uzazi, nalo ni fakhari. Mtu hana nauli ya kumpeleka mkewe kliniki, lakini siku ya saba ataka mbuzi wawili na biriani ya mtaa mzima, kwa mkopo. Akika ni sunna, tena sunna nzuri, lakini ni kwa mwenye uwezo. Asiyeweza siku ya saba, wako maulamaa waliosema ya kumi na nne au ya ishirini na moja. Na asiyeweza kabisa hana dhambi. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliwachinjia Hasan na Husayn kondoo mmoja mmoja. Basi wewe ni nani utakaye kumzidi Mtume kwa fedha za mtu mwingine? Kuitimiza sunna kwa njia ya riba ni kutawadha kwa maji ya najisi.

Nasi wazee tuna sehemu yetu katika makosa haya. Ni sisi tunaouliza, “Mbona hatukuona pilau?” Hatujapata kuuliza, “Mbona hatukuona mkeo akienda kliniki?”

Kilio cha Usiku Madina

Nitakhitimisha kwa kisa cha Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.). Imepokewa kwamba msafara wa wafanyabiashara ulifika Madina, naye akatoka pamoja na Abdur-Rahman bin Awf kuulinda usiku. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake akamwambia amche Mungu, amtulize mwanawe. Akarudi pahali pake, akasikia tena kilio, akaenda tena. Mwisho wa usiku akasikia mara ya tatu, akamkemea mama yule, hana lipi mtoto huyu halali? Mama akajibu, naye hajui anasema na nani, kwamba anamwachisha ziwa kwa nguvu, kwa kuwa Umar hatoi posho ya hazina ila kwa mtoto aliyekwisha kuacha ziwa. Akamwuliza umri wa mtoto. Naye alikuwa bado mchanga sana.

Alfajiri ile Umar alisalisha, na watu hawakuweza kusikia vizuri anachosoma kwa sababu ya kulia kwake. Akajilaumu mbele ya watu, ni watoto wangapi wa Waislamu waliokufa kwa amri yake ile. Kisha akaamrisha mpiga mbiu atangaze kwamba watu wasiharakishe kuwaachisha watoto wao, kwani tangu siku hiyo kila mtoto azaliwaye ana posho yake. Na akawaandikia magavana wake wa kila upande vivyo hivyo.

Katika kisa hiki mna mafunzo matatu. La kwanza ni la wenye amri: sharti dogo liandikwalo katika daftari la hazina laweza kuingia mpaka ndani ya kinywa cha mtoto. Kuwataka watu wapatao riziki yao siku kwa siku watoe fedha za mwaka kwa siku moja ni jambo zito, nasi tuna haki ya kulisema kwa adabu mbele ya wawakilishi wetu. La pili ni la jirani: Umar alisikia kilio, akainuka mara tatu. Katika mafungu manane ya zaka yaliyotajwa katika Suratu Ttawba, aya ya 60, wamo maskini na wamo wenye madeni. Basi mwenye zaka yake na amtafute mja-mzito wa mtaani kwake kabla ya kumtafuta wa mbali. La tatu ni langu mimi: Umar hakusema kwamba mama yule alielewa vibaya. Alisema kosa ni lake, kisha akalirekebisha kukipambazuka.

Mimi si Umar, wala sistahili kuwa mavumbi ya viatu vyake, lakini nalijaribu kumfuata. Nilisimama mbele ya wazazi wa chuo chetu, nikawaeleza kosa langu kama nilivyowaeleza ninyi. Mzazi mmoja ambaye ni muuguzi akakubali kuja kila baada ya miezi mitatu kutuambia ni nini kilichobadilika. Na tumeweka sanduku la qardhi hasan, mkopo usio na riba, kwa ajili ya mchango wa nyumba zenye mimba. Mpaka sasa limesaidia nyumba nne. Ni jambo dogo, lakini hizo nne hazitabisha mlango wangu kabla ya alfajiri.

Kijana yule siku hizi aendesha pikipiki ya mtu mwingine, na deni moja kati ya yale matatu bado halijesha. Hata hivyo kila Alkhamisi hupita chuoni, akatia shilingi ishirini katika sanduku lile, akaenda zake bila ya kusema neno. Siku moja nilimwambia, “Mwanangu, wewe ndiye mhitaji, ziweke.” Akanijibu, “Maalim, huenda yuko mwingine mwezi wa tano sasa hivi, naye anaambiwa ni bure.”

Basi enyi vijana, ulizeni mapema, wekeni kidogo kidogo, na walisheni wake zenu. Na enyi wazee wenzangu, tukiulizwa jambo tusilolijua hali yake ya leo, tuseme hatujui, kisha tuinuke twende tukaulize pamoja nao.

Mwenyezi Mungu awape waja-wazito wetu salama, na awape waume zao moyo wa huruma na mkono wenye hesabu. Amin.

Wabillahi ttawfiq.